Mgeni Afikapo Mombasa

Natumaini redio yenu yasikika vizuri, na kila mmoja ana daftari na penseli mbele yake. Leo hatuzungumzi juu ya mbolea, wala juu ya chakula cha mtoto mchanga. Leo tunasafiri. Twakwenda Mombasa, nasi twakwenda kama wageni. Wale wanaokaa huko huko Mombasa nawaomba nao wajifanye wageni kwa muda wa somo hili, maana mwenye nyumba huzoea ufa wa ukuta wake hata asiuone tena.

Andikeni kwanza neno moja: U-TA-LI-I. Utalii ni ile kazi ya kupokea watu wasafirio kwa kutazama nchi na kujifurahisha, na mtu mwenyewe asafiriye hivyo huitwa mtalii. Wazee wetu walisema mgeni, na walisema pia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika mji kama Mombasa methali hiyo si maneno ya adabu tu. Ni habari ya mshahara. Mpishi wa hoteli, dereva wa tuktuk, mvuvi auzaye pweza, mama akaangaye viazi karai jioni, mchongaji wa vinyago: hao wote hula kwa mgeni. Kwa hiyo twauliza: mgeni afikapo Mombasa apata nini, na akosa nini? Na mwenyeji, je, apona kweli?

Mwalimu, tafadhali chukua chaki. Chora umbo la yai ubaoni. Hicho ndicho kisiwa cha Mombasa, ambacho watu wa kale walikiita Mvita. Kizungushie maji pande zote. Sasa tutie njia za kuingilia. Upande wa kaskazini chora daraja. Hilo ni daraja la Nyali, la saruji, lililofunguliwa mwaka 1980. Kabla yake, tangu mwaka 1931, palikuwa na daraja la kuelea juu ya maji. Upande wa magharibi andika Makupa. Hapo ndipo hupita magari ya kutoka Nairobi na uwanja wa ndege. Upande wa kusini usichore daraja. Chora chombo cha baharini. Hapo ni Likoni, na watu huvuka kwa feri. Acheni picha hiyo ubaoni, tutairudia.

Mmoja wa wageni wa zamani walioandika habari za mji huu ni Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, aliyefika mwaka 1331. Aliona watu wakila ndizi na samaki, na nafaka yao ikiletwa kutoka bara, maana kisiwani hapakulimwa. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Jambo lililompendeza ni kwamba karibu na milango ya misikiti palikuwa na visima, na mtu alichota maji akaosha miguu kabla ya kuingia. Alilala usiku mmoja tu, kisha akaendelea na safari yake hadi Kilwa. Yawekeni moyoni mambo hayo mawili, yale maji mlangoni na ule usiku mmoja.

Wageni wengine hawakuja kwa kulala usiku mmoja. Wareno walifika na Vasco da Gama mwaka 1498, na karibu miaka mia baadaye, kati ya mwaka 1593 na 1596, walijenga ngome kubwa juu ya mwamba wa matumbawe mlangoni mwa bandari ya kale. Waliiita Fort Jesus. Mchoro wake ulifanywa na Mtaliana, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira, na mazingira hayo yalidumu hata mwisho wa mwaka 1698. Fikirini, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa ndani, maradhi na njaa vikiwaua wengi kuliko risasi. Baadaye Waingereza waliifanya gereza. Tangu mwaka 1960 ni makumbusho, na mwaka 2011 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ndani mna vitu vilivyotolewa katika jahazi la Kireno, Santo António de Tanna, lililozama hapo hapo mwaka 1697. Mwenyeji wa nchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mtu wa ng'ambo, nami nashangaa kuona jinsi watu wengi wa Mombasa wanavyopita nje ya ukuta huo kila siku bila kuingia hata mara moja.

Ukitoka ngomeni hatua chache umo katika Mji wa Kale. Nikiulizwa na mgeni mwenye siku moja tu, nitamwambia aache mambo mengine yote atembee huko kwa miguu, tena avae nguo za heshima, maana hapo watu wanaishi, si maonyesho. Atapita Ndia Kuu, atatazama milango ya kuchongwa na roshani za mbao zilizoinama juu ya njia nyembamba. Atasikia harufu ya udi na ya samaki wa kukaanga kwa wakati mmoja. Asubuhi atakula mahamri na mbaazi za nazi. Jioni atakunywa kahawa tungu kwa kikombe kidogo, akitafuna kashata. Na chakula hicho hakikupikwa kwa ajili ya mtalii. Ndicho chakula cha mji, nacho ni rahisi. Miji mingi mikubwa ya dunia haina tena chakula cha namna hiyo barabarani.

Lakini mgeni mwenye macho ataona pia nyumba zilizobomoka, nyaya za umeme zilizosokotana juu ya kichwa chake, na mahali palipokuwa na mlango mzuri pana bati. Milango mingine iliuzwa. Mwenye nyumba asiye na fedha ya kutengeneza paa hawezi kula mchoro wa mlango.

Na zile pembe kubwa za ndovu katika Moi Avenue, ambazo kila mtalii hupigwa picha chini yake? Si pembe za ndovu. Ni za bati la alumini. Zilisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1952, wakati wa ziara ya Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa bado binti wa mfalme. Hapo tupite haraka.

Sasa tuvuke daraja la Nyali. Huko ndiko kuliko pwani ya mchanga mweupe: Nyali, Bamburi, Shanzu. Mwamba ulio mbele huvunja mawimbi makubwa, kwa hiyo maji ya ndani hutulia. Maji yakipwa, mtu aweza kutembea mbali sana. Yakijaa, hufika karibu na minazi. Mgeni mwema huuliza saa za kujaa na kupwa, na huuliza pia majira. Kaskazi, kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi, huleta jua na bahari tulivu. Mwezi wa Aprili na wa Mei ni mvua ya masika na upepo wa kusi, na baadhi ya hoteli hufunga milango. Mtu aliyeajiriwa kwa miezi tu aijua vizuri habari hiyo bila kufundishwa.

Huko Bamburi kuna jambo ambalo naliona kubwa kuliko hoteli zote. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hata kikaacha shimo kubwa jeupe, lisiloota hata jani. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja, René Haller, alianza kupanda miti humo. Mivinje ndiyo iliyoshika vizuri. Majani yake yalikuwa magumu, hayakuoza, basi akaleta jongoo. Naam, jongoo hawa hawa tunaowakanyaga! Walikula majani, na mavi yao yakawa udongo. Leo shimo lile ni msitu wenye twiga na viboko, nao huitwa Haller Park. Ndipo alipoletwa yule kiboko mchanga aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafuatana na kobe mkubwa kana kwamba ndiye mama yake.

Basi Mombasa ina vitu. Kwa nini basi wageni wengi hufanya kama Ibn Battuta, wakalala usiku mmoja, au wasilale kabisa, wakapita kwenda Diani, au Malindi, au mbugani Tsavo?

Turudi ubaoni, mtazame Likoni. Mlango ule wa bahari ndio njia ya meli kubwa ziingiazo bandari ya Kilindini, kwa hiyo daraja la hapo lazima liwe refu sana kwenda juu, na la gharama kubwa. Feri hupita mbele ya meli hizo mchana na usiku. Watu wa miguu hawalipi, nalo ni jambo jema. Lakini husongamana, husubiri, na hatari ipo. Mwaka 1994, tarehe 29 Aprili, feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272. Mwaka 2019 gari lilirudi nyuma likaanguka kutoka katika feri ya Likoni, na mama na mtoto wake wakazama. Iliwachukua wapiga mbizi siku nyingi kulipata. Siku hizi iko barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka upande wa bara hadi kusini. Ni msaada mkubwa kwa mwenye gari. Lakini itazameni vizuri ramani: yule mgeni aendaye Diani kwa barabara hiyo haingii kisiwani kabisa. Na treni mpya ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, kituo chake kiko Miritini, nje ya kisiwa. Mji unapitwa kando.

La pili ni maji. Maji matamu ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200, Baricho, penye mto Sabaki, Marere, katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Hayatoshi. Katika mitaa mingi mfereji hutoa maji siku moja, ukakauka siku nyingi, na watu hununua maji kwa mitungi kutoka kwa wenye mikokoteni. Visima vya kisiwani vingi ni vya chumvi. Hoteli kubwa ina matangi na visima vyake, mgeni wake hajui lolote. Lakini mama mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vitano katika Mji wa Kale hulipia maji ya mkokoteni ndipo apate kumpa mgeni ndoo ya kuoga. Ameshindwa na hoteli kubwa kabla mgeni hajafika. Na mji uliosifiwa mwaka 1331 kwa maji mlangoni, leo mtu akishikwa na haja njiani ataitafuta choo cha watu wote hata achoke.

Takataka nazo nisiziseme sana, zajisema zenyewe. Nitataja tu kwamba pale Kibarani, penye njia ya kuingilia mjini, palikuwa na jaa lililomkaribisha mgeni kwa harufu. Lilifungwa mwaka 2018 na miti ikapandwa, na barabara ya Mama Ngina, mbele ya bahari, ilitengenezwa mwaka 2019. Yawezekana, basi.

Sasa habari ya ufukoni, nayo ina ugomvi. Mtalii mwingine hulipa fedha zote kwao Ulaya kabla ya kupanda ndege: chumba, chakula, hata kinywaji. Afikapo hana haja ya kutoka hotelini. Akitoka, huzungukwa na wachuuzi kumi, huyu na shanga, huyu na safari ya mashua, huyu amemshika mkono. Huogopa, hurudi ndani. Kwa kuwa hurudi ndani, wachuuzi hupata wachache zaidi, na yule mmoja atokaye kesho atazungukwa na ishirini. Mwenye hoteli humlaumu mchuuzi, na mchuuzi humlaumu mwenye hoteli aliyejenga ukuta hata njia ya watu wote kwenda baharini ikawa kichochoro. Mimi naona wote wawili wana neno la kujibu. Palipo na chama cha wachuuzi, bei iliyoandikwa na mahali palipopangwa, mgeni hutembea.

Na hofu huvuka bahari upesi kuliko ndege. Mwezi wa Mei 2014, baada ya mashambulio ya mabomu, Serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa, na mamia walirudishwa kwao kabla ya siku zao. Onyo hilo liliondolewa mwezi wa Juni 2015. Katika muda huo hoteli kadha zilifungwa, na waliokuwa wakitandika vitanda walirudi vijijini. Mwaka 2020 ikaja korona. Mara zote mbili, waliosaidia kujaza vyumba tena ni watu wa nchi yetu wenyewe, wajao kwa Pasaka, kwa Idi na kwa Krismasi. Mtu wa Machakos au wa Kisumu naye ni mgeni. Nitazameni basi jinsi anavyopokewa ufukoni pamoja na watoto wake: apate wapi mahali pa kubadili nguo, na ni nani amwangaliaye mtoto majini?

Wakati wetu umekwisha. Kabla ya somo lijalo, kila darasa lizungumze maswali haya matatu, na mwandishi wenu aandike majibu. Mgeni akifika katika mji wenu leo jioni, atakunywa maji gani, na atayalipia kiasi gani? Shilingi mia akiitumia kwenu, itapita mikononi mwa watu gani kabla ya kutoka mjini? Na la tatu, mgeni huyo awe mtu asiyejua kusoma: ataonaje njia ya kwenda anakotaka? Andikeni maneno haya mara tatu: kisiwa, ngome, mfereji, kivuko, mtalii. Kwaherini.