Ogani inapopigwa nje ya ibada: funzo kutoka Amsterdam na Lübeck

Katika makanisa yetu mengi ubishi juu ya vyombo vya muziki haujaisha. Wengine wanasema kinanda cha umeme na gita vinafunika sauti za waamini. Wengine wanajibu kwamba Zaburi 150 inataja vyombo vingi. Ubishi huu si mpya. Waprotestanti wa Ulaya waliupitia kwa ajili ya ogani, na huko ikakomaa desturi ambayo ingali hai: watu kukutanika kanisani nje ya ibada ili kusikiliza ogani tu.

Ogani ni kinanda kikubwa kinachosema kwa upepo. Mivukuto, kama ile ya mhunzi, inapeleka hewa katika mabomba ya madini au ya mbao. Bomba refu linatoa sauti nzito, fupi linatoa sauti nyembamba. Mpigaji anatumia mikono na miguu. Ogani ya kanisa la Mtakatifu Bavo mjini Haarlem, Uholanzi, iliyomalizika mwaka 1738, ina mabomba karibu 5000.

Huko Uholanzi, sinodi ya Dordrecht ya mwaka 1574 ilitaka ogani inyamaze katika ibada. Wachungaji waliogopa kwamba muziki usio na maneno ungewasahaulisha watu Neno walilosikia. Lakini ogani zilikuwa mali ya miji, na wakuu wa miji hawakukubali zivunjwe. Basi Amsterdam ikamlipa Jan Pieterszoon Sweelinck mshahara apige ogani ya Oude Kerk nje ya saa za ibada. Aliifanya kazi hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1621, na vijana kutoka Ujerumani walikuja kujifunza kwake.

Mjini Lübeck, Ujerumani, Walutheri hawakuwa na katazo hilo. Hata hivyo Dieterich Buxtehude, aliyeanza kazi katika kanisa la Mtakatifu Maria mwaka 1668, aliendeleza jioni za muziki kabla ya Noeli. Wafanyabiashara walitoa feza, na watu waliingia bila kulipa. Mwaka 1705 Johann Sebastian Bach, kijana wa miaka 20, alitembea kwa miguu kutoka Arnstadt, karibu kilomita 400, ili amsikilize.

Aliporudi, wakuu wa kanisa lake walimwonya. Alikuwa amepewa ruhusa ya majuma manne, naye akakaa karibu miezi minne. Tena walilalamika kwamba alichanganya sauti ngeni katika nyimbo, hata waamini wakavurugika katika kuimba.

Tuone vizuri jambo hili. Hata mpigaji hodari kama Bach aliambiwa kwamba katika ibada ogani inatumikia wimbo wa watu. Jioni ya muziki ni saa nyingine: hapo chombo kinaweza kusema peke yake, na watu wananyamaza wasikilize.

Sisi nasi tunaweza kutofautisha saa hizo mbili. Siku ya Bwana, vijana wetu wapige kwa kipimo, mama mzee wa kiti cha nyuma asikie maneno anayoimba. Kisha tuwapatie jioni yao, mlango ukiwa wazi bila kiingilio, wamtolee Mungu ufundi wao wote. Tukiwanyima saa hiyo, wataitafuta katikati ya ibada.