Kula Nyumbani kwa Mpishi: Lipa Arbuni Bila Wasiwasi

Lamu Mjini, mji wa kale ulioingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, wageni wengi hula nyumbani kwa mpishi mwenyewe. Hakuna bango mlangoni wala menyu ya kuchagua. Mnakaa wachache, mnakula alichopika: wali wa nazi, samaki wa kupaka, sharubati ya ukwaju, pengine na kaimati za kumalizia.

Raha yake ni hiyo, lakini mambo ya pesa yataka mpango. Mgeni asipotokea hotelini, meza yake hupewa mwingine. Mama mpishi hana mteja wa kupita njia. Asubuhi ameshanunua samaki, amekuna nazi, amewasha mkaa. Msipokuja, hasara yote ni yake. Ndiyo maana anaomba arbuni, yaani sehemu ya malipo mnayotoa mapema.

Na wewe pia una hofu yako. Hujawahi kumwona, nambari umepewa na rafiki wa rafiki. Je, akipokea pesa kisha azime simu? Hofu zote mbili ni za haki, na dawa yake ni kulipa kwa njia inayomwachia kila mmoja ushahidi.

Mwafaka kwanza, pesa baadaye. Piga simu mwongee, kisha muandikie: "Shikamoo mama. Tutakuja watu 6 Jumamosi saa mbili usiku. Kila mtu ni shilingi 1,500, jumla 9,000. Arbuni ni nusu, 4,500. Tukiahirisha kabla ya Ijumaa jioni, utaturudishia. Ni sawa?" Subiri jibu lake. Mkija kutofautiana, ujumbe huo ndio utakaoonyesha mlivyokubaliana.

Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina likitoka la mtu mwingine, usikimbilie kumwita tapeli. Huenda laini ni ya mumewe au mwanawe. Lakini usitume bado. Mpigie, umuulize. Mtu mkweli hatakasirika kuulizwa.

Nambari ikibadilika, simama. Ukipata ujumbe wa "tuma kwa hii nyingine, ile ina shida", mpigie kwa nambari ya kwanza umsikie kwa sauti yake. Ikiwa haipatikani, pesa zikae kwako.

Lipa salio mkishakula. Usitume 9,000 zote eti umalize mambo. Weka ujumbe wa malipo ya arbuni, usiufute hadi siku hiyo ipite.

Nawe mama mpishi, lako ni hili: usianze kununua vitu kwa sababu umeona ujumbe tu. Matapeli hutunga ujumbe unaofanana na wetu na kuutuma kutoka nambari ya kawaida. Wengine hupiga baadaye: "Nimetuma nyingi kwa makosa, nirudishie." Angalia salio lako kwanza. Kama halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Pia, ni vyema uwe na nambari ya till au laini ya biashara, ili pesa za wageni zisichanganyike na karo ya watoto. Na ukishindwa kupika siku hiyo, arbuni irudi kwa mwenyewe.

Umetuma kwa nambari isiyo sahihi? Tuambie papo hapo, ukiwa na ujumbe wa malipo mkononi. Aliyepokea akishazitoa, kuzirudisha huwa kazi ngumu. Na kumbuka, sisi hatutakupigia kuomba PIN yako. Anayeiomba, mkatie simu.

Kabla ya safari yako ijayo, fanya hesabu ya watu, mpigie mama mpishi siku mbili tatu mapema, na utume arbuni baada ya kuona jina. Yeye atanunua samaki bila hofu, nanyi mtakuta chakula tayari.