Mkoa huzaliwa katika Gazeti la Serikali, mkuu wake huzaliwa Ikulu

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

IJUMAA ya Januari 29, 2016, wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe ziliacha kuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya na kuwa mkoa unaojitegemea, Songwe, wenye makao makuu yake Vwawa. Mkuu wa kwanza wa mkoa huo, Chiku Gallawa, aliteuliwa Machi mwaka huo huo. Katika kipindi kilichopita kati ya mambo hayo mawili, mkoa ulikuwapo kisheria, lakini kiti cha mkuu wake kilikuwa hakijapata mwenyewe.

Hakuna kosa lililofanyika hapo. Ofisi ya umma huanzishwa kwa karatasi moja na mtu wa kuikalia hupatikana kwa karatasi nyingine, na wananchi wengi wa mijini, ambao habari za uteuzi huwafikia kwa simu za mkononi usiku, huzichanganya karatasi hizo mbili.

Ibara ya 2 ya Katiba inampa Rais madaraka ya kuigawa Jamhuri ya Muungano katika mikoa na wilaya kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria. Mgawanyo huo hutolewa kwa Tangazo la Serikali, ambalo huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Hilo si gazeti la kununuliwa asubuhi Mwanjelwa au pale stendi ya Iringa. Ni chapisho rasmi, ambalo kwa kawaida hutoka kila Ijumaa. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaeleza kuwa sheria ndogo ni lazima ichapishwe humo, na kwamba huanza kutumika siku ya kuchapishwa isipokuwa pale ilipotajwa tarehe nyingine.

Wakazi wa Iringa walilipitia jambo hili kabla ya wenzao wa Mbeya. Habari za kuanzishwa kwa Mkoa wa Njombe zilisikika tangu mwaka 2010, lakini mkoa wenyewe ulikuja Machi 2012, sambamba na Geita, Katavi na Simiyu. Katika muda wote huo, Makete na Ludewa ziliendelea kuwa Iringa, hata kama majukwaani zilikwisha kuitwa Njombe. Baada ya mgawanyo, Iringa ilibaki na wilaya za Iringa, Kilolo na Mufindi.

Uzito wa mabadiliko hayo unaonekana katika takwimu za sensa. Mwaka 2012 Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.7. Katika sensa ya mwaka 2022, baada ya Songwe kuondoka, ulihesabiwa kuwa na watu milioni 2.3, na Songwe milioni 1.3. Wakazi wa Songwe walibadilishiwa anwani ya ofisi ya mkoa, ingawa si kila taasisi iligawanyika siku ile ile. Mashauri ya Songwe, kwa mfano, yaliendelea kusikilizwa na Mahakama Kuu Kanda ya Mbeya. Aliyedhani kwamba kila faili limehamia Vwawa alilipa nauli ya bure.

Karatasi ya pili ni ya uteuzi. Kwa mujibu wa Ibara ya 61, Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Hapa mambo huenda kwa kasi. Mei 2021, kwa taarifa moja ya Ikulu, Albert Chalamila aliondoka Mbeya kwenda Mwanza, Juma Homera akatoka Katavi kuja Mbeya, na Iringa ikampata Queen Sendiga kuchukua nafasi ya Ally Hapi. Sendiga alikuwa mgombea urais wa chama cha ADC mwaka 2020. Mwezi uliofuata uteuzi wa Chalamila huko Mwanza ulitenguliwa.

Taarifa za namna hiyo mara nyingi hazitaji sababu, na nafasi zenyewe hazitangazwi ili watu waombe. Hapo ndipo zinapotofautiana na ajira za kawaida serikalini, ambazo Sekretarieti ya Ajira huzitangaza hadharani na kuita watu kwenye usaili. Kwa viongozi wa kuteuliwa, mwananchi huarifiwa mambo yakiwa yamekwisha.

Hata hivyo, taarifa peke yake haitoshi. Mkuu wa Mkoa huapishwa na Rais, kisha yeye ndiye huwaapisha wakuu wa wilaya walio chini yake, na baadaye hufuata makabidhiano ya ofisi. Kinachozuia shughuli kusimama katika siku hizo ni kwamba Afisa Masuuli wa mkoa si Mkuu wa Mkoa bali Katibu Tawala wa Mkoa, mtendaji mkuu wa Sekretarieti ya Mkoa. Malipo huidhinishwa kwake.

Tatizo kubwa zaidi liko ngazi za chini, kwenye idara na vitengo, ambako kiti kinaweza kukaa na kaimu kwa muda mrefu bila gazeti lolote kuandika. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinaelekeza kwamba kukaimu nafasi iliyo wazi kusizidi miezi sita. Pamoja na hayo, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikiwataja mara kwa mara watumishi wanaokaimu kupita muda huo.

Sababu zinazotolewa ni upekuzi usiokwisha, kibali kinachosubiriwa, au kukosekana kwa mtumishi mwenye sifa. Matokeo yake ni rahisi kuyaelewa. Kaimu asiyejua kama kesho atathibitishwa au atarudishwa kwenye meza yake ya zamani hupenda kuahirisha uamuzi mzito. Mwananchi wa Kilolo au Mbarali mwenye mgogoro wa mpaka wa shamba huambiwa asubiri mwenye ofisi aje, na msimu wa kilimo haumsubiri mwenye ofisi.

Ni vyema msomaji akatazama pia namna barua inavyotiwa saini. Kaimu hutumia madaraka ya cheo kwa kipindi alichopewa. Neno “Kny”, yaani kwa niaba ya, lina maana nyingine: mwenye cheo yupo, ila mtu wa chini yake ametia saini kwa idhini yake. Anayekata rufaa dhidi ya uamuzi anapaswa kujua ni ipi kati ya hizo mbili aliyo nayo mkononi. Aidha, barua iliyoandikwa kwa cheo, siyo kwa jina la mtu, na yenye kumbukumbu namba, haipotezi mwenyewe pale kiongozi anapohamishwa.

Kuhusu Matangazo ya Serikali, siku hizi mengi yanaweza kusomwa katika tovuti ya TanzLII bila malipo. Kisheria tangazo hutumika tangu siku lilipotoka, awe mwananchi amelisoma au hajalisoma.