Pumziko lisilolaza misuli

Ukishuka kutoka Mbulu kwenda Bonde la Yaeda unaingia katika nchi ya Wahadzabe, watu wa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mwaka 2020 jarida la kisayansi la PNAS la Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa kwao na David Raichlen na wenzake, akiwemo Profesa Audax Mabulla wa Tanzania. Walitaka kujua: watu hawa wanapumzika kiasi gani, na wanapumzikaje?

Waliwafunga pajani kifaa kidogo kinachorekodi kama mtu anatembea au ametulia. Jibu lilishangaza. Mhadzabe hutulia karibu saa 10 kwa siku, hapishani sana na watu wa Ulaya na Marekani. Lakini dalili za maradhi ya moyo kwao ni chache mno. Ni kweli wanatembea sana, na hilo lina uzito wake. Watafiti wanaona kuna jambo la pili.

Mtazame mwindaji anayenyoosha mshale motoni. Amechuchumaa, nyayo zote mbili zimekanyaga chini, makalio karibu yaguse visigino. Anapumzika, ila misuli ya mapaja na ya mashavu ya miguu inamshikilia asianguke. Vipimo vya umeme wa misuli vilithibitisha hivyo: anayechuchumaa misuli ya miguu yake inafanya kazi kuliko ya aliyekalia kiti. Kitini mzigo wote unabebwa na kiti. Misuli ikinyamaza kwa saa nyingi, inachukua mafuta kidogo tu kutoka kwenye damu, nayo yanabaki yakizunguka mishipani.

Utafiti huu haukuthibitisha kwamba kuchuchumaa kunazuia shinikizo la damu wala kiharusi, na nisingependa asomaye aache dawa zake. Hata hivyo naona una maana kubwa kwa karani, dereva wa basi na fundi cherehani, ambao kazi yao ni ya kukaa kitini. Bibi zetu wa Mbulu na Hanang wanaopepeta nafaka wamechuchumaa au wamepiga magoti wana tabia njema ya mwili, tusiwaonee haya.

Basi, inuka kila baada ya muda. Chuchumaa unapoongea na watoto au kuchambua mboga. Kama magoti yanauma au umewahi kuvunjika nyonga, usijilazimishe: mwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali iliyo karibu nawe.