Wasichana na Elimu ya Nyota

Muhula huu sisi wa kidato cha nne tumepewa fomu za kuchagua masomo ya kidato cha tano. Nilipopeleka habari nyumbani kwamba nataka Fizikia, Kemia na Hisabati, shangazi yangu alicheka, akaniuliza, "Mwanangu, nani atakuoa wewe na hesabu zako za nyota?" Shangazi ananipenda, na ndiye aliyeninunulia sanduku la shule, kwa hiyo sikumjibu. Nimeona afadhali nimjibu hapa kwa utulivu, kwa kuwaelezeni ninyi nyote kazi aliyoifanya mwanamke mmoja.

Jina lake ni Jocelyn Bell, aliyezaliwa Ayalandi ya Kaskazini mwaka 1943. Alipokuwa mtoto alishindwa mtihani wa kuingia shule ya sekondari. Hata alipopata nafasi, wavulana walipelekwa maabara, na wasichana wakapelekwa kujifunza kupika. Wazazi wake walikwenda kulalamika, naye akaruhusiwa kusoma sayansi. Katika Chuo Kikuu cha Glasgow alikuwa mwanamke peke yake katika darasa lake la fizikia, na kila alipoingia wanaume walipiga miluzi na kugonga meza. Alivumilia, akafaulu mwaka 1965.

Kisha alikwenda Cambridge. Huko yeye na wenzake walijenga darubini ya redio. Darubini hiyo si bomba lenye vioo. Ilikuwa shamba zima la nguzo na nyaya, za kupokea mawimbi ya redio yatokayo mbinguni. Yeye mwenyewe alishika nyundo kubwa akapigilia nguzo. Mashine ilichora mawimbi hayo juu ya karatasi, kiasi cha mita 30 kila siku, na kazi yake ilikuwa kuzisoma zote kwa macho.

Agosti 1967 aliona alama ndogo, urefu wake kama nusu sentimita, ambayo hakuweza kuielewa. Mtu mvivu angaliiacha. Yeye alirudi kwenye karatasi za nyuma, akaona kwamba alama ile hutokea mahali pale pale mbinguni, na kwamba hufuata saa ya nyota. Maana yake ni nini? Dunia yetu hujizungusha, na papo hapo hulizunguka jua. Kwa sababu hiyo nyota huchomoza mapema kwa dakika 4 kila siku kuliko siku iliyotangulia. Mitambo ya wanadamu hufuata saa ya jua. Kwa hiyo alama ile ilitoka kwenye nyota.

Tarehe 28 Novemba 1967 aliiharakisha karatasi ya mashine, akaona mapigo yanayofuatana sawasawa, moja kila sekunde 1.337. Tangu hapo nyota za namna hiyo zimeitwa pulsa. Nyota kubwa sana ikifa, kiini chake huanguka ndani na kushindiliwa, hata kitu kizito kuliko jua kinakuwa na upana wa kilometa 20 tu, nacho huzunguka kwa kasi. Mawimbi yake hutoka kama mwanga wa mnara wa taa wa baharini: nyota haizimiki, ila sisi twapata pigo kila inapotuelekea.

Mwaka 1974 tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi huo alipewa mwalimu wake, wala si yeye. Mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine ya dola 3,000,000, akazitoa zote ziwasomeshe fizikia watu ambao ni wachache katika elimu hiyo, wakiwamo wanawake.

Sasa turudi kwetu. Wenzangu wengi waliacha fizikia baada ya kidato cha pili, na wengine walikuwa hodari kuliko mimi. Hawakushindwa na hesabu, bali walichoka kuambiwa kwamba somo hilo si lao. Lakini bibi yangu, mama mzazi wa shangazi, hakusoma hata darasa moja, na alijua kwa Kilimia wakati wa kuandaa shamba. Basi kutazama nyota si jambo geni kwa wanawake wa nyumbani kwetu. Lililo geni ni kwenda chuo kikuu kulisomea.

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, jaribuni hivi: simameni mahali pamoja, chagueni nyota moja, mwandike saa inapogusa paa la bweni. Baada ya siku 15 itagusa mapema kwa saa nzima. Mimi nimeijaribu, na daftari langu ni shahidi. Mwenye kuweza hilo ameanza fizikia.

Nanyi wazazi wetu, wakati wa kujaza fomu ukifika, msituulize nani atatuoa. Tuulizeni tumepata ngapi katika hisabati. Fomu yangu nimekwisha kuijaza, na shangazi nitampelekea gazeti hili mwenyewe.

Msichana wa Kidato cha Nne