Kompyuta Iliyokomea Njiani

Umeme ulikatika saa tisa alasiri, mwenye steshenari akiwa anahifadhi kazi ya mteja. Uliporudi, kompyuta yake ya mezani iliwaka, feni ikazunguka, nembo ya mfumo wake, Linux Mint, ikajitokeza, halafu kioo kikawa cheusi, na chini ya maandishi meupe likabaki neno moja ndani ya mabano: (initramfs). Kijana wa duka la jirani aliangalia akakata shauri: mashine imekufa, ipigwe upya. Kupiga upya ni kufuta diski nzima na kuweka mfumo mwingine, na diski ile ilikuwa na barua, wasifu na fomu za watu wa mtaa mzima, za miaka minne.

"Kaka, njoo uangalie kabla sijakubali," mwenye steshenari aliniambia kwa simu.

"Usiiguse, dada. Tutaisoma kwanza."

Mistari michache juu ya lile neno, kompyuta ilikuwa imeandika kwa Kiingereza kwamba mfumo wa faili ulioko /dev/sda2 una kasoro, na kwamba mtu aendeshe fsck kwa mkono. Ilitaja ugonjwa, ikataja kiungo kinachouma, ikataja na dawa. Watu wawili walikuwa wameutazama mstari huo bila kuusoma, na siwalaumu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, kazi ninayoiheshimu mpaka leo. Lakini kilio cha kompyuta inayoshindwa kuwaka bado hutoka kwa Kiingereza cha mafundi, herufi nyeupe kwenye kioo cheusi, na mtu akikiona huona kifo.

Ukweli ni kwamba Linux ikikataa kuwaka, pale ilipokomea ndipo penye jibu. Kuwaka ni mbio za kupokezana kijiti. Mkimbiaji wa kwanza ni programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya ubao mama: BIOS katika mashine za zamani, UEFI katika za siku hizi. Huyo hukagua vifaa, kisha hutafuta diski yenye kitu cha kuwashia. Kwa mtindo wa BIOS husoma baiti 512 za mwanzo wa diski, na kati ya hizo ni 446 tu zilizotengewa maelekezo. Herufi za aya hii peke yake zinazidi hapo. Nafasi finyu namna hiyo inatosha kumwita mkimbiaji wa pili tu, GRUB. GRUB hupakia kerneli, kiini cha Linux, ile ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Ufini. Kerneli hushika vifaa, hufungua diski, kisha humkabidhi kijiti systemd, naye huamsha huduma moja baada ya nyingine mpaka utokee mlango wa nywila.

Kwa hiyo ukiambiwa hakuna diski ya kuwashia, Linux bado haijaguswa: angalia waya wa diski, au flashi iliyosahaulika kwenye tundu lake. Ukiona maneno grub rescue, mkimbiaji wa pili ameamka ila haoni faili zake, na mara nyingi ni kwa sababu mtu amegusa mgawanyo wa diski. Ukiandika nywila sahihi ukarudishwa palepale mlangoni, basi diski na kerneli zimekwishafanya kazi yake, na kosa liko juu kabisa. Magonjwa matatu yasiyofanana, na yote mtaani huitwa "imekufa".

Kompyuta ya steshenari ilikuwa imekomea mahali ninapopapenda kuliko pote katika safari hii. Kerneli inahitaji draiva, programu za kuendeshea vifaa, ili iifungue diski, na draiva zenyewe zimehifadhiwa ndani ya diski hiyohiyo. Mlango umefungwa na ufunguo uko ndani. Walioitengeneza Linux walilitatua hilo kwa kumpa GRUB mzigo wa pili: pamoja na kerneli, apakie kwenye kumbukumbu ya kompyuta kifurushi kidogo chenye draiva na zana chache za lazima. Hicho ndicho initramfs. Kerneli huishi humo kwa sekunde chache, hufungua diski halisi, huhamia huko, na kifurushi hutupwa. Ukilikuta neno hilo limeganda kwenye kioo, maana yake kompyuta imesimama barazani na haikuweza kuingia ndani ya nyumba. Haijafa. Inakusubiri uandike amri.

Kwa nini haikuingia? Mfumo wa faili wa ext4 una daftari lake. Kabla ya kubadilisha rejista inayosema faili ipi iko wapi, huandika kwanza daftarini inachokusudia, kama muuza duka anayeandika deni kabla ya kukabidhi unga. Umeme ukikatika katikati, kompyuta ikiwaka tena hulisoma daftari, hukamilisha kilichoandikwa kikamilifu na kukiacha kilichoandikwa nusu. Ndiyo maana umeme unaweza kukatika mara nyingi na mashine ikaendelea kuwaka. Mpango huu hutegemea diski iseme kweli. Diski nyingine hujibu kwamba zimeandika wakati data bado inaelea kwenye kumbukumbu yao ya muda, na nyingine huwa zimeanza kuoza vipande. Hapo daftari na rejista hutofautiana, na kompyuta hukataa kuingia kwa sababu kuandika juu ya rejista yenye makosa ni kuharibu zaidi. Kukataa kule kulikuwa ulinzi wa kazi za wateja.

Fsck ndiyo mkaguzi wa rejista. Hata hivyo sikuiita mara moja, na hapa ndipo wengi hujiumiza. Fsck hurekebisha kwa kuandika kwenye diski, na ukiikaribisha kwenye diski inayokufa unaweza kupoteza hata kilichokuwa kizima. Niliwasha mashine kwa flashi yenye Linux ya kujaribia, nikaiuliza diski afya yake kwa smartctl, nikaona haina vipande vilivyooza. Nikafungua folda ya wateja kwa kusoma tu na kunakili kila kilichosomeka kwenye diski ya nje. Kisha ndipo nikaandika fsck /dev/sda2. Ilipita hatua tano, ikauliza kuhusu kila kasoro, nikakubali moja moja. Tulipoichomoa flashi na kuwasha tena, Linux Mint ilifika mlangoni bila tatizo.

Ule ugonjwa wa tatu, wa kurudishwa mlangoni baada ya nywila sahihi, naukuta mara nyingi kwenye mashine iliyojaa. Mazingira ya madirisha huandika faili ndogo mtu anapoingia. Diski ikijaa hayawezi, na humrudisha kimya. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, upate chumba cheusi cha amri, ingia humo, uandike df -h uone nafasi iliyobaki. Hata ikisoma asilimia 100, mfumo bado unapumua, kwa kuwa ext4 kwa kawaida humtengea msimamizi asilimia 5: kwenye diski ya gigabaiti 500, kama 25.

Lipo pia tatizo la saa, na hilo linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa namna yake. Windows huiandika saa ya ubao mama kwa majira ya mahali ilipo. Linux huiandika kwa majira ya dunia, UTC, ambayo sisi tumeyatangulia kwa saa 3. Mashine yenye mifumo yote miwili hutoka Linux ikaingia Windows na kujikuta saa 3 nyuma, na Windows ikiisahihisha saa, ikirudi Linux huwa saa 3 mbele. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 huipatanisha. Lakini kama saa imerudi nyuma kwa miezi au miaka, ni betri ya ubao mama, duara la volti 3 linaloitwa CR2032. Kivinjari huipima tarehe ya cheti cha tovuti kwa saa hiyo, hukiona bado hakijaanza kutumika, na hukataa kufungua. Mtu hununua bando jipya, na kinachotakiwa ni betri.

Turudi steshenari. Kwenye mzizi wa diski yenye ext4 pana folda iitwayo lost+found, ambamo fsck huweka vilivyookotwa bila mwenyewe: data nzima iliyopoteza jina. Tulikuta faili tatu, kila moja ikiwa na alama ya # na tarakimu tu. Amri ya file, inayotambua faili kwa kusoma baiti zake za mwanzo, ilisema moja ni waraka wa OpenDocument. Tuliifungua kwa LibreOffice. Ilikuwa orodha ya michango ya msiba, majina na kiasi, ile aliyokuwa akiihifadhi umeme ulipokatika. Dada aliipitia jina kwa jina na karatasi ya mkono aliyoachiwa na mteja, akaongeza mawili ya mwisho, akaichapa.