Kiyoyozi cha Chumba cha Kupanga: Joto Huenda Wapi?

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuondoa joto mahali pamoja na kulipeleka pengine. Mtu aachaye wazi mlango wa jokofu katika chumba kilichofungwa, akitumaini kupata baridi, hukiongezea chumba joto. Kwani joto lifyonzwalo ndani ya jokofu hutolewa kwa nyuma, pamoja na lile litokanalo na umeme uliotumika.

Kwa hiyo mpangaji wa Dar es Salaam, kabla ya kutoa akiba yake, hana budi kuuliza: je, mashine hii italipeleka wapi joto?

Mashine za bei nafuu zenye feni na tangi la maji hazilitoi nje. Maji yanapogeuka mvuke hupunguza joto la hewa, lakini mvuke wenyewe hubaki chumbani. Katika hewa kavu ya Dodoma wakati wa kiangazi njia hii husaidia. Katika unyevu wa pwani, ambako hata jasho hukauka kwa shida, nafuu yake ni ndogo.

Aina ya pili ni ile ya magurudumu, yenye bomba moja lipitishwalo dirishani. Huwavutia wapangaji kwa kuwa haihitaji kutoboa ukuta. Hata hivyo, nafasi ya hewa itupwayo nje hujazwa na hewa nyingine ya nje, yenye joto na unyevu, ipenyayo mlangoni na madirishani. Sehemu ya kazi hupotea bure.

Aina ya tatu hufungwa ukutani, sehemu moja ndani na nyingine nje, nayo haitupi hewa ya chumbani. Yenye uwezo wa BTU 9,000 kwa saa huondoa joto la wati 2,600 hivi kwa umeme usiofikia nusu ya kiasi hicho. Kwa kawaida hutosha chumba cha meta 3 kwa 4. Lakini hii yahitaji idhini ya mwenye nyumba.

Wala kubwa zaidi si bora zaidi. Mashine ya kawaida iliyozidi mno ukubwa wa chumba hupoza hewa upesi, ikajizima kabla ya kuikausha. Kukausha si jambo dogo: mtambo aliousanifu Willis Carrier mwaka 1902, kwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, Marekani, ulikusudiwa kudhibiti unyevu uliokuwa ukiharibu kazi ya karatasi.

Hatimaye, dirisha la magharibi litiliwe kivuli kwanza. Joto lililozuiwa kuingia halihitaji umeme wa kulitoa.